Bwawa likizeeka: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

"Bwawa likipita miaka hamsini ni la kuogopwa."

Miaka peke yake haibomoi tuta. Bwawa la Teton, Idaho, Marekani, lilibomoka tarehe 5 Juni 1976 likiwa ndiyo kwanza linajazwa. La Malpasset, Ufaransa, lilivunjika Desemba 1959 na kuua watu zaidi ya 400. Lilikuwa na umri wa miaka mitano tu. Kujazwa mara ya kwanza ni mtihani mgumu, na bwawa lililouvuka limekwisha kutoa ushahidi fulani. Kinachochakaa ni viungo vyake: bomba la chuma lililopita chini ya tuta huliwa na kutu, mashimo ya kutolea maji ndani ya zege huziba kwa chokaa, milango isiyofunguliwa hukwama. Michoro nayo hupotea. Ukaguzi wa bwawa kongwe mara nyingi huanzia kwenye makabati ya karatasi kabla mtu hajapanda tuta.

"Limekwisha kuona mafuriko mengi, halitikisiki."

Hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, maana inasemwa na watu wenye akili timamu. Bwawa la Edenville, Michigan, lilijengwa katika miaka ya 1920 na likasimama karibu karne nzima. Tarehe 19 Mei 2020 maji yalipanda kufikia kina ambacho lilikuwa halijawahi kukibeba, na kipande cha tuta kikaporomoka hata kabla maji hayajapita juu yake. Wachunguzi walieleza kwamba mchanga legevu uliolowa ndani ya tuta ulipoteza nguvu ghafla. Udhaifu huo ulikuwemo tangu ujenzi. Ulikuwa haujapata siku ya kuulizwa.

Ndiyo maana mtathmini haulizi bwawa limestahimili nini. Anauliza utoro wa maji, yaani njia ya kupitishia maji ya ziada, unaweza kumeza mafuriko ya kiasi gani. Mabwawa mengi ya zamani yalipigiwa hesabu kwa kumbukumbu za mvua za miaka michache. Maji yakizidi utoro yakapita juu ya tuta la udongo, hulichimba kwa nyuma mpaka likakatika.

"Likivuja limekwisha."

Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo. La kuuliza ni kiasi gani, tangu lini, na rangi yake. Chini ya tuta hujengwa kizingiti kidogo chenye bamba la chuma lililokatwa umbo la V. Maji yanapita katika pengo hilo. Mtu anapima kimo chake kwa rula, kisha jedwali linampa lita kwa sekunde. Halafu anakinga maji katika chupa angavu, anaiacha itulie, na kutazama kitako chake. Kikiwa safi, na kipimo kinalingana na cha miezi iliyopita kwa kina kilekile cha ziwa, moyo unatulia. Kikiwa na tope, maji yanalibeba tuta punje kwa punje. Kule Teton, maji ya tope yalionekana asubuhi. Kabla ya saa sita mchana kufika, tuta lilikuwa limekatika.

Uvujaji unaopungua ghafla huku ziwa likiwa palepale nao si wa kushangilia. Huenda njia ya kutolea maji imeziba, na maji yanatafuta pengine pa kutokea.

"Mkaguzi amelizunguka lote, hakuona ufa."

Macho huishia juu. Februari 2017, mfereji wa zege wa utoro wa bwawa la Oroville, California, ulibomoka, na watu zaidi ya 180,000 wakaambiwa wahame. Ukaguzi ulikuwa umefanyika mara nyingi. Kasoro ilikuwa chini ya zege, kwenye mwamba uliooza na mifereji ya kutolea maji, wakati ukuta wa bwawa wenyewe haukuwa na tatizo. Kwa hiyo kunahitajika pizomita za kupima shinikizo la maji ndani ya tuta, vipimo vya kudidimia, na mtu wa kuzisoma. Pizomita isiyosogea hata ziwa likipanda na kushuka, mimi ningeihesabu imekufa.

"Miti hushikilia udongo."

Mlimani, sawa. Kwenye tuta mizizi ikifa huacha mirija ya kupitishia maji, na vichaka huficha mashimo ya wanyama. Zipandwe nyasi fupi.

"Likiwekwa daraja la hatari kubwa, ni bovu."

Daraja hilo linahusu walio chini ya bwawa. Ukuta unaweza kuwa mzima kabisa ukapewa daraja la juu kwa sababu ya nyumba zilizo kwenye mkondo. Palipokuwa na mashamba pakijengwa mtaa, bwawa linapanda daraja bila jiwe lake hata moja kusogea, na utoro uliowatosha wenye mashamba inabidi upigiwe hesabu upya.