Sentensi Ulizozimeza Kikaoni

Wanawake weusi wanaonijia wakitafuta mtindo wao wa uongozi wengi huanza na swali la nywele. Niingie na afro yangu mbele ya bodi au nizinyooshe kwanza? Si swali la urembo. Mwaka 2016 mahakama moja ya rufani ya shirikisho nchini Marekani ilimpa haki mwajiri aliyefuta ajira ya mwanamke mweusi aliyekataa kukata rasta zake. California ndiyo ilikuwa jimbo la kwanza kupiga marufuku ubaguzi wa aina hiyo, kwa sheria ya CROWN, mwaka 2019. Juzi tu. Kwa hiyo anayeuliza habari ya nywele simcheki.

Ila tukizungumza muda wa kutosha, nywele huwekwa kando na kidonda chenyewe hujitokeza: karibu kila akitoka kikaoni, kuna jambo alilotaka kusema akalimeza.

Hapo ndipo ninapoanzia kazi. Humwomba anunue daftari dogo, na kwa wiki mbili, kila baada ya kikao, aandike sentensi aliyoimeza, nani alikuwepo, na alichokiogopa. Asiandike uchambuzi, aandike sentensi yenyewe, neno kwa neno. Baada ya hapo tunazichambua pamoja. Nyingine alizimeza kwa busara, maana haukuwa wakati wake, na hizo tunaziacha. Zinazonihusu ni zile alizozimeza asije akaitwa yule mwanamke mweusi mwenye hasira. Ukizisoma hizo mfululizo, unaona kiongozi ambaye ofisi yake haijawahi kukutana naye.

Daftari hilo nililijaribu kwangu kwanza. Mwaka mmoja, tathmini yangu ya kazi ilisema mimi ni mkali. Nikajilainisha: nikaongeza tabasamu, nikaanza kila hoja kwa kuomba radhi. Tathmini iliyofuata ikasema sina msimamo. Bosi yuleyule! Nilipofungua daftari niliona kwamba karibu kila nilichomeza kilikuwa swali, na mara nyingi swali lilelile: nani atabeba mzigo wa uamuzi huu? Kumbe sikuwa mkali wala mpole. Nilikuwa mtu wa kuuliza, na kwa kulizuia swali mpaka mwisho, lilikuwa likitoka kwa kishindo. Nikaanza kuliuliza mapema, kwa sauti yangu ya kawaida.

Kuhusu ukali wenyewe, kuna utafiti unaowashangaza wengi. Mwaka 2012, Robert Livingston, Ashleigh Rosette na Ella Washington walionyesha watu mifano ya viongozi wanaosema kwa mamlaka. Wanawake weupe na wanaume weusi walishushwa alama kwa kufanya hivyo. Wanawake weusi hawakushushwa. Lakini mwaka huohuo Rosette na Livingston wakaonyesha upande wa pili: shirika linaposhindwa, kiongozi mwanamke mweusi huhukumiwa vikali kuliko wenzake hao. Hayo ni majaribio, na ofisi ina visasi vyake ambavyo jaribio halivioni. Hata hivyo yalibadilisha ushauri wangu. Siku hizi situmii muda mwingi kumfundisha mtu kupunguza sauti. Namfundisha kuandika sababu za uamuzi siku anapouamua, na nani alikubaliana naye, ili mambo yakiharibika asibaki peke yake mezani.

Usinielewe vibaya kuhusu kujirekebisha. Ninavyoongea na bibi yangu sivyo ninavyoongea na mkaguzi wa hesabu, na sioni unafiki wowote hapo. Lugha naibadilisha ili nieleweke. Nikianza kubadilisha maamuzi ili nikubalike, hapo nimeshajipoteza. Mpaka wangu uko hapo. Wako utauchora mwenyewe, pengine mahali pengine.

Wala hakuna sura moja ya kuigwa. Aprili 1960, Ella Baker, mwanaharakati wa haki za watu weusi Marekani, aliwakusanya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Shaw, Raleigh, wakubwa wa harakati hizo wakitaka wanafunzi hao wawe tawi lao. Baker akawatetea waunde chombo chao wenyewe, ikazaliwa SNCC, kamati ya wanafunzi ya kupigania haki hizo bila vurugu, naye akabaki nyuma ya pazia kwa kupenda. Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, mwaka 1968, alikuwa kinyume chake kabisa: mwaka 1972 aliomba urais waziwazi, hata baadhi ya wanasiasa weusi wenzake walipokataa kumuunga mkono. Mpe Baker jukwaa la Chisholm na utakuwa umemtesa bure.

Ukiwa tayari kuanza, chagua sentensi ndogo kuliko zote daftarini na uiseme katika kikao kidogo kuliko vyote. Yangu ya kwanza niliisema nikiitazama meza. Mtu mmoja akauliza, "Umesemaje?" Nikairudia.