Kichocho hufuata maji yaliyotulia: maswali na majibu

Kichocho si ugonjwa wa maji machafu tu? Ardhi inahusikaje?

Maji yanaweza kuwa maangavu na bado yakawa na kichocho. Mayai ya minyoo ya kichocho hufika majini kwa mkojo au kinyesi cha mgonjwa, yakaanguliwa, na vimelea vikaingia ndani ya konokono wa maji baridi. Humo huzaliana kwa wiki kadhaa, kisha hutoka kwa wingi na kupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache. Bila konokono wa aina hiyo, mzunguko unakatika. Nao hawapendi mto uendao kasi; wanapenda maji ya polepole yenye majani. Bwawa, mfereji na shamba la mpunga huwapa makao hayo.

Kuna mahali jambo hili limeonekana wazi?

Senegal. Bwawa la Diama, karibu na mlango wa Mto Senegal, lilikamilika 1986 ili kuzuia maji ya bahari yasipande mtoni. Mashamba yakapata maji baridi mwaka mzima. Kufikia 1988 kichocho cha tumbo kilikuwa kimezuka Richard-Toll, mji wa mashamba ya miwa, na baada ya miaka michache sehemu kubwa ya wakazi walikuwa nacho. Chumvi iliyokuwa ikiwadhibiti konokono ilikuwa imeondoka. Tena kuna kamba wa mtoni ambao hula konokono, lakini makinda yao hukulia kwenye maji yenye chumvi mlangoni mwa mto. Ukuta wa bwawa uliwakatia njia. Adui wa konokono akapungua bila mtu kumuua.

Ghana iliyaona kama hayo kwenye Ziwa Volta baada ya bwawa la Akosombo, safari hii kikiwa kichocho cha mkojo.

Mbolea na dawa za shambani je?

Mbolea inayosombwa na mvua hustawisha mwani, ambao ni chakula cha konokono, pamoja na magugu maji wanamojificha. Baadhi ya viuadudu huwamaliza kamba na wadudu wanaowala konokono, huku konokono wenyewe wakibaki wazima.

Kwa hiyo tuache kumwagilia?

Hapana, watu lazima wale. Ila mfereji uliosakafiwa, wenye mteremko wa kutosha na unaokaushwa kwa zamu, hauwafai konokono. Vilevile magugu yanaweza kuondolewa: katika vijiji vya Senegal, utafiti uliochapishwa 2023 ulionyesha kuwa yalipong'olewa kwenye sehemu ambazo watu hutumia maji, maambukizi ya watoto yalipungua, na magugu yenyewe yakafaa kwa mboji na malisho ya mifugo. Mimi naona hii ndiyo njia yenye mvuto zaidi, kwa sababu mkulima ana faida yake hata asipofikiria kichocho. Jambo linalosahaulika ni choo. Anayeshinda shambani kutwa, nyumbani mbali, atajisaidia wapi kama si kando ya mfereji? Choo kingepaswa kuchorwa kwenye ramani ya mradi pamoja na pampu.

Si kuna dawa?

Ipo, prazikwanteli, nayo ni nzuri. Lakini huua minyoo iliyokomaa, si michanga, wala haimkingi mtu kesho. Mtoto aliyemeza dawa akirudi kuogelea mferejini huambukizwa upya.

Dalili zipi zinipeleke kituo cha afya?

Damu kwenye mkojo, hasa mwishoni mwa kukojoa, maumivu ya tumbo, kuhara damu. Kwa wanawake na wasichana, kichocho cha mkojo huweza kuleta vidonda ukeni na kudhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa, kwa hiyo mweleze mhudumu kwamba unatumia maji ya bwawa au mfereji.

Na kama hakuna maji mengine ya kuoga?

Yachemshe kisha yapoe, au yaache kwenye chombo kilichofunikwa kwa siku mbili, mradi hakuna konokono aliyeingia. Vimelea vikikosa mtu hufa. Njia hii ya kuyaacha yakae ni ya kuogea tu; ya kunywa bado yanahitaji kuchemshwa.