Kiambatisho cha kitabu cha ukoo: maana yake na mahali pake katika programu ya nasaba

Kiambatisho ni kitu chochote kinachoingia katika kitabu cha ukoo ingawa hakikuandikwa na programu kutokana na rekodi za watu: nakala ya wosia, barua, ramani, picha ya kundi, orodha ya vifupisho, au mti wa ukoo uliokuwa mpana mno kukaa ndani ya sura. Sura zenyewe programu huziunda kwa kusoma hifadhidata: majina, tarehe, mahali, nani kamzaa nani. Viambatisho havipiti njia hiyo, ndiyo maana huchapwa mara mbili, hupotea au huvuruga namba za kurasa.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, amua kitu hicho kitakaa wapi. Kinaweza kufungwa kwenye rekodi ya mtu, kama maelezo au picha. Kinaweza kuwa kipengele cha kitabu chenyewe, sambamba na sura. Au kinaweza kubaki nje kabisa na kuunganishwa mwishoni, kitabu kikiwa tayari PDF. Kinachomhusu mtu mmoja, na ambacho ungekitaka katika kila ripoti inayomtaja, kifungwe kwenye rekodi yake. Kinachowahusu wengi kiwe kipengele cha kitabu. Hati ya shamba inayotaja ndugu watano, ukiifunga kwa kila mmoja wao, inaweza kuchapwa mara tano.

Programu nyingi zina sehemu ya kupanga kitabu. Gramps, kwa mfano, hukuruhusu kupanga ripoti kadhaa kwa mfuatano na kuweka katikati yake kipengele cha maandishi yako mwenyewe. Family Tree Maker nayo ina kipengele cha kushikilia nafasi: unaitajia idadi ya kurasa, inaziacha, na namba zinaendelea kana kwamba zimejaa. Kwa nyaraka zilizopigwa skani hiyo ni njia nzuri, mradi hesabu iwe sahihi. Ukitenga kurasa 6 na hati ikachukua 7, kila kitu kinachofuata kimesogea ukurasa mmoja, na faharasa (orodha ya majina na kurasa zake) iliyokwisha kutengenezwa inamwelekeza msomaji mahali pasipo sahihi. Kwa hiyo hati ikamilishwe kwanza, kurasa zake zihesabiwe, ndipo nafasi itengwe.

Faharasa ina mtego mwingine, na huu ndio unaowanasa hata wazoefu. Programu huorodhesha majina inayoyajua, yaani yale yaliyotoka kwenye rekodi. Shahidi aliyetajwa katika wosia uliouchapa kama maandishi huru hatatokea kwenye faharasa, hata kama ana rekodi yake mahali pengine. Ukitoa kitabu kama hati ya kuharirika, weka mwenyewe alama ya faharasa kwenye kila jina lililomo ndani ya viambatisho, halafu sasisha faharasa na orodha ya yaliyomo, kwa mpangilio huo, mwisho wa kazi yote. Kwa hati zilizo picha tupu, andika chini yake maelezo mafupi yenye majina, maana picha haina neno la kuwekewa alama.

Hati hiyo ya kuharirika ina gharama yake. Ikishatoka, haina tena uhusiano na hifadhidata. Ukisahihisha tarehe moja katika programu na kutoa kitabu upya, nyongeza zote ulizoandika kwenye hati ya awali hazimo. Hifadhi kila kiambatisho katika faili lake, na uvipachike baada ya rekodi kukamilika.

Kuhusu picha, lenga nukta 300 kwa inchi katika ukubwa wa kuchapwa. Picha ya upana wa sentimita 12 inahitaji pikseli zipatazo 1,420. Yenye pikseli 600 tu isizidi sentimita 5 hivi. Mwandiko uliofifia upigwe skani kwa nukta 400 hadi 600 kwa inchi. Na usihamishe folda ya picha baada ya kuziunganisha: programu nyingi hukumbuka njia ya faili tu, si picha yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa GEDCOM, muundo wa faili wa kuhamisha data za nasaba kati ya programu: toleo la 5.5.1 hubeba maandishi na kuzitaja picha kwa njia zake. Toleo la 7.0 la mwaka 2021 ndilo lililoleta kifurushi cha kuvibeba vyote pamoja.

Kichujio cha faragha nacho kisiaminiwe kupita kiasi. Kinaweza kuficha tarehe za walio hai ndani ya sura, lakini hakisomi barua iliyopigwa skani. Cheti chenye tarehe ya kuzaliwa ya mtu aliye hai kitachapwa kama kilivyo, usipokifunika mwenyewe.

Wakati wa kuunganisha PDF, kurasa zote ziwe na ukubwa mmoja na fonti ziwe zimepachikwa ndani. Kila kiambatisho kianzie ukurasa wa kulia, yaani wenye namba witiri, hata ikibidi kuacha ukurasa mtupu kabla yake. Kurasa hizo tupu nazo zihesabiwe. Upande wa mshono acha pambizo ya milimita 20 au zaidi, hasa kwa miti mipana, la sivyo majina ya katikati yatamezwa na mshono. Kijitabu cha kushonwa kwa pini kinahitaji jumla ya kurasa inayogawanyika kwa 4.