Kabla hujanunua bastola bandia ya sinema: aina zake na sheria zinazoigusa

Swali la kwanza la mkusanyaji mgeni huwa ni moja: "Je, inafyatua?" Ni swali zuri lakini halitoshi. Nchi nyingi haziishii hapo. Zinatazama pia jinsi kifaa kinavyoonekana machoni pa mtu asiyejua, kisha zinauliza unafanya nacho nini: unakiweka nyumbani, unakiingiza nchini, unakiuza, au unatembea nacho barabarani. Kwa hiyo bastola ileile inaweza isiwe na tatizo ikiwa kabatini, ikawa kosa la jinai siku unapoitoa nje.

Anza kwa kujua umeshika nini. Zile za mpira au povu la poliurethani, zenye waya au fimbo ya chuma ndani, hutengenezwa kwa matukio ya kuanguka na kupigana. Za resini hutolewa kwenye kalibu la bunduki halisi na kupewa waigizaji wanaoonekana kwa mbali. Za aloi ya zinki ndizo zinazouzwa zaidi kwa wakusanyaji: zina uzito wa kuridhisha, kifyatulio kinacheza, magazini inatoka, lakini mtutu umezibwa. Halafu kuna bunduki halisi zilizolemazwa, yaani zilizoharibiwa makusudi zisiweze kufyatua tena, na bunduki halisi zilizorekebishwa ili zipige risasi za mlio tu, yaani zenye baruti bila kichwa. Hizi za mwisho kwa sheria za nchi nyingi ni silaha kamili, hata muuzaji akiapa kwamba zilitumika kwenye filamu tu. Wala usidhani ni salama kwa sababu tu hazina kichwa cha risasi. Mwaka 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum alifariki baada ya kujifyatulia kichwani, kwa mzaha, bastola yenye risasi ya aina hiyo.

Kutofautisha, chukua sumaku ndogo na tochi. Aloi ya zinki haivutwi na sumaku. Itashika kwenye skrubu na springi tu. Sumaku ikinata kwenye mwili wote, huo ni chuma na huenda ni bunduki halisi, basi tafuta namba ya usajili na mihuri ya majaribio, yaani alama zinazogongwa bunduki ikishajaribiwa. Mulika mdomo wa mtutu: kizibo kinapaswa kuwa sehemu ya kipande chenyewe, si kitu kilichogundishwa juujuu. Kama kuna risasi za mapambo, kagua kila moja. Risasi bandia za filamu mara nyingi hutobolewa ubavuni au huwekwa gololi ndogo ndani ili ukizitikisa zilie. Isiyo na tundu na isiyolia usiichukulie kuwa bandia.

Kwa bunduki iliyolemazwa, karatasi, yaani cheti cha ulemazaji, ina thamani kuliko chuma. Umoja wa Ulaya una kanuni ya pamoja ya ulemazaji, namba 2015/2403, iliyoanza kutumika Aprili 2016, na bunduki iliyolemazwa zamani kwa viwango vya chini inaweza kukwama ukitaka kuiuza au kuivusha mpaka. Marekani mtego uko kwingine. Kule, kile kipande kikuu kinachobeba utaratibu wa kufyatulia ndicho "bunduki" kisheria. Ukichukua vipande vilivyokatwa vya bunduki ya rashasha ukaviunga tena kwa kulehemu ili upate umbo zuri la kuweka ukutani, unaweza kuwa umetengeneza rashasha upya, hata kama haina mtutu. Ndiyo maana mafundi makini hutumia kipande kikuu cha resini au cha alumini isiyo na uwazi ndani, kisha wakapachika vipuri halisi vya nje.

Sasa rangi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inataka bunduki bandia iwe na kizibo cha rangi ya chungwa kali ndani ya mtutu, kisichozama zaidi ya milimita 6 kutoka mdomoni. Kuna alama mbadala zinazokubalika, kama mwili mzima kuwa wa kupitisha mwanga au wa rangi kali. Nakala za bunduki za kale zilizobuniwa na kutengenezwa kabla ya 1898 hazimo, na kazi ya filamu inaweza kuombewa msamaha. Wengi hukimbilia kung'oa kile kizibo ili kifaa kifanane na cha kwenye skrini. Sheria hiyo ya taifa inagusa hasa utengenezaji, uingizaji na usafirishaji, ila California imefanya kubadili au kuondoa alama hizo kuwa kosa. Na popote ulipo, siku ukiiuza bila kizibo umeirudisha sokoni ikiwa na kasoro.

Uingereza ni kali zaidi kwa namna nyingine. Sheria ya 2006, iliyoanza kufanya kazi Oktoba 2007, inakataza kutengeneza, kuuza au kuingiza bunduki bandia isiyotofautika na ya kweli. Kununua mtandaoni kutoka nje ni kusababisha iingizwe, kwa hiyo kosa ni lako pia. Inayokubalika ni ile ambayo rangi yake kuu ni kali (nyekundu, chungwa, njano, kijani, waridi, zambarau au bluu), au inayopitisha mwanga. Ukiipaka nyeusi baadaye, kitendo cha kupaka ndicho kosa. Kinga zipo kwa makumbusho, tamthilia, filamu na maigizo ya historia. Ukusanyaji wa kawaida haumo. Miundo iliyokuwapo kabla ya 1870 haihesabiwi. Kumiliki nyumbani ile uliyokuwa nayo hakujakatazwa; kutoka nayo hadharani bila sababu ya msingi ndiko kunakokupeleka mahakamani.

Kanada inaita "nakala" kile kinachofanana kabisa, au karibu kabisa, na bunduki fulani halisi. Uliyokuwa nayo tarehe 1 Desemba 1998 unaweza kubaki nayo, lakini kuingiza nyingine ni marufuku. Australia inahitaji ruhusa kabla mzigo haujafika, na jimbo la New South Wales linadai kibali cha kumiliki. Japani tangu 1971 bastola bandia za chuma sharti zizibwe mtutu na ziwe nyeupe au njano, ndiyo maana wakusanyaji wa kule hupenda za plastiki zenye weusi mzuri.

Na zile za filamu za anga za juu? Usijidanganye. Bastola maarufu ya Han Solo, mhusika wa filamu za Star Wars, ilijengwa juu ya Mauser C96, bastola halisi ya Kijerumani. Ukianza kuunda nakala yake kwa kuagiza Mauser ya zinki, forodha inaona Mauser; darubini na kizuia mwali vinavyoigeuza kuwa ya Han Solo bado viko mezani kwako. Agiza mwili wa resini wenye vipande vya kubuni vilivyokwisha kuunganishwa, na upunguze ubishi.

Kwenye fomu ya forodha usiandike "kichezeo" wala "mapambo" peke yake. Andika: modeli isiyofyatua, aloi ya zinki, mtutu umezibwa, na uambatishe picha ya mdomo wa mtutu. Maelezo ya kuficha ndiyo yanayofanya mzigo ufunguliwe.

Ukimimina resini mwenyewe, weka fimbo ya chuma ya milimita 6 katikati ya mtutu kabla ya kumimina. Inaziba, inaongeza uzito, na inazuia mtutu kupinda kwenye joto. Poliurethani ikikutana na unyevu hutoa mapovu, kwa hiyo funga kopo mara moja. Silikoni ya platinamu haigandi juu ya udongo wenye salfa. Hubaki ikinata na kalibu limeharibika. Vya mpira usivifungie kwenye mfuko wa vinaili, vitagandana. Tumia karatasi isiyo na asidi, mbali na jua.

Unaposafiri kwa ndege, kifaa kiende kwenye mzigo wa kukabidhi, si mkononi. Kwenye maonyesho ya mashabiki, kibebe ndani ya kasha lililofungwa hadi mlangoni. Na ukiuza kwa mnunuzi aliye Uingereza, muulize kwa maandishi anategemea kinga ipi kabla hujapokea pesa, kwa sababu kosa la kuuza linamwangukia muuzaji.