Modi za kwenye kamera ndogo zina kazi gani, na picha kutoka na ukungu inatokana na nini

Kamera ndogo za dijitali, hizi za mfukoni kama PowerShot, Cyber-shot au Coolpix, nyingi zina kagurudumu juu au menyu yenye vipicha: kichwa cha mtu, milima, mtu anakimbia, mtu na nyota, ua. Hivyo vipicha ndo modi zenyewe. Watu wengi hawavigusi kabisa, wanaacha kwenye oto mwaka mzima, halafu wanalalamika kamera mbovu.

Iko hivi. Kila ukipiga picha kamera inaamua shata (kile kinachofunguka kuingiza mwanga) ikae wazi muda gani, tundu la lenzi liwe pana kiasi gani na sensa, yaani kile kinachopokea mwanga, iongezewe nguvu kiasi gani (ile ISO). Kwenye oto inaona mwanga uliopo, ila mara nyingi haijui kama mtoto anakimbia au amekaa. Modi ni wewe unaiambia. Ukiweka mtu anakimbia, inajua shata lazima iwe ya haraka, kwa mpira tunaongelea kama 1/500 ya sekunde.

Sasa ukungu. Ikuze picha kwenye skrini uiangalie vizuri: kama kila kitu kimevutika mpaka ukuta na viti, ni mkono wako ulitikisika. Kama ukuta umetulia ila mtu ndo kavutika, basi yeye ndo alisogea, na hapo ile setingi ya kuzuia mtikisiko haikusaidii chochote maana inatuliza lenzi tu haimtulizi mtu. Na kama pazia la nyuma limetoka safi ila uso ndo hauko sawa, hiyo ni fokasi, hukubonyeza kitufe nusu kwanza ukasubiri kale kaboksi ka kijani kakae usoni.

Harusini usiku ndo kwenye shida zaidi. Umekaa nyuma ya ukumbi, unazumu mpaka mwisho, flashi inawaka, bi harusi anatoka giza na ukungu juu. Flashi ya kamera hizi inafika mita 3 au 4 hivi, zaidi ya hapo unawamulikia visogo waliokaa mbele yako. Na zumu nayo inakula mwanga, lenzi nyingi zinaanzia f/2.8 (hiyo f ni upana wa tundu, namba ikipanda tundu linapungua) ukivuta mwisho inakuwa karibu f/5.9, yaani mwanga unaopita ni kama robo tu, kwahiyo shata inakaa wazi muda mrefu zaidi na wakati huohuo kila mtikisiko wa mkono unakuzwa. Nyanyuka usogee mbele, zumu achana nayo.

Ukishasogea weka ile ya mtu na nyota. Flashi inampiga mtu, ila shata inabaki wazi kidogo ili taa za nyuma nazo ziingie. Ndo maana lazima uwaambie watulie hata baada ya flashi kuwaka, maana watu wakishaona mwanga wanajua imeisha wanaanza kuondoka, picha inatoka na vivuli vya watu waliosogea. Wakiwa wanacheza muziki hiyo modi haifai, rudi kwenye flashi ya kawaida. Ya mtu anakimbia nayo gizani inapandisha ISO sana, picha inajaa chengachenga.

Modi ya fataki ni stori nyingine, shata inakaa wazi hata sekunde 2, kwa mkono hupati kitu. Kama huna stendi weka kamera juu ya ukuta au meza, washa taima ya sekunde 2, bonyeza, toa mkono.