Kuchemsha hakuondoi sumu ya kila uyoga

Masika yakikolea Moshi, uyoga huchomoza vihambani (mashamba yanayozunguka nyumba) na kwenye vichuguu, na watoto wanaocheza Minecraft, mchezo wa kompyuta, huutazama kama wanavyoutazama mchezoni. Imani iliyoenea, hata kwa watu wazima, ni kwamba uyoga wowote ukichemshwa sana, sumu hutoka.

Mchezo unaipa imani hiyo nguvu. Unachuma uyoga mmoja mwekundu na mmoja wa kahawia, unaongeza bakuli, supu iko tayari. Hata moto hauhitajiki. Lakini hata mle jiko haliponyi kila kitu. Jaribu kuweka kiazi chenye sumu kwenye tanuri: hakipikiki.

Shambani mambo ni mazito zaidi. Uyoga uitwao Amanita phalloides una sumu isiyovunjwa na kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Mlaji hujisikia mzima kwa saa 6 au zaidi, kisha hutapika na kuhara. Baadaye huja nafuu, na hii ndiyo inayoniumiza: mtu hudhani amepona, kumbe ini linaharibika.

Kitunguu saumu kubadilika rangi sufuriani si kipimo cha sumu. Wala wadudu kuula uyoga si ushahidi kwamba ni salama. Chimbua shina zima, kwa kuwa Amanita huyu ana mfuko mweupe chini ya udongo, na ukikata juujuu hutauona. Mwonyeshe mzee anayeuchuma uyoga wa hapo kwenu miaka yote, asipoutambua, uache. Aliyekwisha kula na akaingiwa na shaka aende hospitali na kipande kilichobaki, asisubiri dalili.