Mapinduzi ya Kijeshi: Yale Tunayoyaamini na Yale Yaliyotokea

Matatu niliyopanda asubuhi moja kutoka Kasarani ilikuwa imechorwa ubavuni sura ya Kapteni Ibrahim Traoré, mwanajeshi aliyetwaa madaraka Burkina Faso kwa mapinduzi, akiwa na bereti nyekundu, na kabla hatujafika Pangani abiria wawili nyuma yangu walikuwa wanabishana juu yake. "Mzee, mtu kama huyu ndiye tunayemhitaji hapa kwetu," alisema kijana. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akajibu: "Mwaka 1982 mimi nilikuwa nikikaa Eastleigh, kijana wangu. Tulitembea mikono juu, na kitambulisho mkononi." Kijana hakuona jibu hilo linahusiana vipi na hoja yake, wala mzee hakujisumbua kulifafanua.

Mabishano ya namna hiyo yapo kwa kinyozi na kwenye viti vya bustani ya Jeevanjee pia, na dhana zinazoyaendesha ni zilezile chache.

Dhana: wananchi wakijaa barabarani, hayo si mapinduzi ya kijeshi bali ni matakwa ya umma

Lugha yetu ina mkono katika mkanganyiko huu. Neno "mapinduzi" tumelibebesha mizigo mingi: Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, mapinduzi ya viwanda, na pia kanali anayesoma tangazo kwenye televisheni usiku wa manane. Waarabu wana maneno mawili, *thawra* kwa umma unaoinuka na *inqilab* kwa wanajeshi wanaotwaa dola, na mwaka 2013 Misri iligawanyika hasa juu ya lipi litumike.

Mohamed Morsi alishinda urais Juni 2012 kwa takriban asilimia 52 ya kura. Miezi mitano baadaye alitoa amri iliyoweka maamuzi yake nje ya uwezo wa mahakama, kwa hiyo waliomkasirikia hawakuwa na wivu tu. Tarehe 30 Juni 2013 umati mkubwa mno ulijaa barabarani, na Julai 3 Jenerali Abdel Fattah el-Sisi akatangaza kwamba katiba imesimamishwa, huku wakiwapo Sheikh Mkuu wa al-Azhar, Papa wa Kanisa la Koptiki na Mohamed ElBaradei, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Aliyeitazama picha hiyo angedhani taifa zima limekubaliana. Wiki sita baadaye, Agosti 14, vikosi vya usalama vilivunja kambi ya wafuasi wa Morsi huko Rabaa al-Adawiya jijini Cairo. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 817 waliouawa hapo siku hiyo moja, na ElBaradei, aliyekuwa makamu wa rais wa mpito, akajiuzulu siku hiyohiyo. Kabla ya mwaka kwisha ilitungwa sheria ya kubana maandamano, yale yale yaliyotajwa kuwa kibali cha jeshi kuingia.

Umati ulikuwa wa kweli, lakini si umati ulioamua nani akamatwe, nani apigwe risasi na nani agombee. Umoja wa Afrika uliisimamisha Misri uanachama siku mbili tu baada ya tangazo. Marekani, ambayo sheria yake inazuia msaada kwa serikali iliyoingia kwa jeshi kuwapindua waliochaguliwa, iliona afadhali isilitamke neno lenyewe.

Dhana: aliyepinduliwa alikuwa mbaya, basi kupinduliwa kwake ni kuzuri

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na wapinzani wa mapinduzi hukosea wanapoikwepa. Guinea ndiyo mfano wake mgumu. Alpha Condé, aliyechaguliwa mwaka 2010, alibadilisha katiba mwaka 2020 ili agombee muhula wa tatu, na waliopinga waliuawa barabarani. Kanali Mamady Doumbouya alipomwondoa Septemba 5, 2021, Conakry ilishangilia, na sioni namna ya kuwalaumu walioshangilia. Mkataba wa mpito uliotolewa mwezi huohuo uliwakataza viongozi wa mpito kugombea uchaguzi utakaofuata. Septemba 2025 katiba mpya ilipigiwa kura ya maoni, kizuizi hicho kikaondoka, na Doumbouya akagombea urais mwezi Desemba.

Kwa maneno mengine, kosa lililomfanya Condé astahili kuondoka, yaani kuibadilisha sheria kwa faida ya aliyeketi, lilirudiwa na aliyemwondoa. Ubaya wa Condé unatueleza mengi kuhusu Condé, na hautuelezi lolote kuhusu nani atakayeweza kumzuia mrithi wake, ambaye amekuja bila kura na kwa hiyo hawezi kunyimwa kura.

Tena si kila anayepinduliwa ni Condé. Mohamed Bazoum wa Niger aliingia madarakani mwaka 2021 katika makabidhiano ya kwanza nchini humo kutoka rais mmoja aliyechaguliwa hadi mwingine. Aliyemzuia ndani ya makazi yake Julai 26, 2023 alikuwa Jenerali Abdourahamane Tiani, mkuu wa kikosi kilicholipwa mshahara ili kumlinda.

Dhana: wanajeshi husafisha nyumba kisha hurudi kambini

Jirani zetu wa Kampala waliwahi kuamini hivyo. Januari 25, 1971, Milton Obote alipokuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Idi Amin alitwaa madaraka, akajitambulisha kuwa askari wala si mwanasiasa, na akaahidi uchaguzi. Watu walicheza barabarani. Uchaguzi haukuja, Amin akakaa hadi Aprili 1979, na Nairobi ikapokea Waganda waliokimbia, wengi wao wasomi; wapo Wakenya wa umri fulani waliofundishwa hisabati na mwalimu mkimbizi.

Mali iliahidi uchaguzi Februari 2022, ikauahirisha hadi 2024, ikauahirisha tena, na mwaka 2025 vyama vyote vya siasa vikavunjwa na Jenerali Assimi Goïta akapewa miaka mitano mingine. Burkina Faso nayo iliongeza miaka mitano mnamo Mei 2024.

Haki itendeke: wapo waliorudi kambini. Mwaka 1991 Amadou Toumani Touré alimwondoa Moussa Traoré wa Mali, na mwaka uliofuata akamkabidhi nchi Alpha Oumar Konaré aliyechaguliwa. Mfano huu hutajwa sana, ila mara nyingi husahaulika kwamba Moussa Traoré hakuwa amechaguliwa kihalali. Naye alikuwa ameingia kwa bunduki mwaka 1968.

Dhana: bila mapinduzi wanajeshi wa Ufaransa wasingeondoka Afrika Magharibi

Senegal ilifanya uchaguzi Machi 2024, baada ya Baraza la Katiba kukataa jaribio la kuuahirisha, ikamchagua Bassirou Diomaye Faye aliyetoka gerezani siku chache kabla ya kura, na Julai 2025 Ufaransa ikakabidhi kambi yake ya mwisho nchini humo.

Dhana: jeshi ni mwili mmoja

Wanaosema "jeshi liingilie kati" husema kana kwamba jeshi ni mtu mmoja mwenye nia moja. Nchini Sudan, majenerali wawili, Abdel Fattah al-Burhan na Mohamed Hamdan Dagalo anayejulikana kama Hemedti, waliivunja pamoja serikali ya mpito iliyoshirikisha raia Oktoba 25, 2021. Aprili 15, 2023 wakaanza kupigana wao kwa wao katikati ya Khartoum. Ukitaka kujua yaliyofuata huhitaji kusafiri. Waulize Wasudani waliopanga nyumba hapa Nairobi.

Kwetu pia ilikuwa hivyo. Jumapili ya Agosti 1, 1982 walioasi walikuwa askari wa Jeshi la Anga, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, mtu wa cheo cha chini, na waliowazima walikuwa wa Jeshi la Nchi Kavu chini ya Mahmoud Mohamed. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alichukuliwa nyumbani alfajiri akalazimishwa kutangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa. Kabla siku haijaisha, sauti ileile ilitangaza kwamba serikali ipo.

Dhana: tumekosa njia nyingine

Kifungu cha 3(2) cha Katiba ya Kenya kinasema kwamba jaribio lolote la kuunda serikali kinyume cha Katiba ni haramu, na Kifungu cha 145 kinaeleza jinsi rais anavyoweza kuondolewa na Bunge na Seneti. Vijana hucheka ukivitaja, wakisema wabunge hununuliwa. Sina jibu la kuwanyamazisha. Naweza tu kuwakumbusha kwamba Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani, kwamba Oktoba 2024 Seneti ilimwondoa naibu wa rais, na kwamba Mswada wa Fedha wa 2024 uliondolewa kwa nguvu ya waandamanaji, wengine wakilipa kwa maisha yao, bila kanali yeyote kusoma tangazo.

Jaribio la 1982 halikufungua mlango wowote. Zaidi ya watu 100 waliuawa, Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa, Jeshi la Anga likavunjwa, na Ochuka, aliyetorokea Tanzania kwa ndege, akarudishwa na kunyongwa katika gereza la Kamiti mwaka 1987. Utawala uliosalimika ukawa mkali kuliko awali, na kwa miaka iliyofuata wakosoaji wake wakateswa katika vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo.

Mzee wa matatu alishuka Ngara, mtaa ambao maduka yake yaliporwa Jumapili ile. Kijana alimsaidia kushusha mzigo wake, akamwambia "Siku njema, mzee," kisha akarudi kwenye simu yake, ambako Traoré alikuwa akihutubia kwa Kiingereza safi, katika video ambayo nina hakika ilitengenezwa na kompyuta.